Mguu Uliochorwa Kitandani

Nyumbani kwetu asubuhi zilianza na ugomvi wa simu. Nasema ugomvi, lakini ni ule wa mashemeji, wa kurushiana maneno huku mnacheka. Mkwe wangu alikuwa kitandani, mito mgongoni, simu sikioni. Mwanangu mdogo alikuwa karakana, mbele ya kompyuta, simu sikioni. Mmoja anajua, mwingine anabonyeza.

"Bonyeza kushoto," anasema mkwe wangu.

"Nimebonyeza."

"Kushoto kwa kipanya, shemeji. Siyo kushoto kwa meza."

"Kumbe kipanya nacho kina kushoto?"

"Hata wewe unao. Ni ule upande usiokuwa na akili."

Mimi nikiwa jikoni nacheka peke yangu, chai inafurika.

Karakana yetu inatengeneza miguu ya bandia. Aliianzisha marehemu mume wangu, na mimi nilishona mikanda yake ya ngozi mpaka macho yakagoma. Sasa kazi iko kwa watu wawili. Mwanangu mdogo tunamwita Plasta. Yeye ndiye anayezungushia plasta kigutu cha mteja, ile sehemu ya mguu iliyobaki, ili kupata umbo lake, kisha anaunganisha mguu. Mke wa mwanangu mkubwa tunamwita Rula, kwa sababu hupima hata mkate kabla ya kuukata. Yeye anachora kwenye kompyuta.

Anachochora ni kikombe. Kikombe ni sehemu ya juu ya mguu wa bandia, pale kigutu kinapoingia. Kikibana, ngozi inachubuka. Kikilegea, mguu unacheza na mtu anaanguka. Mchoro wa Rula ukikamilika, mashine ya karakana inachonga umbo lile lile. Kwa hiyo mguu mzuri unaanzia kwenye macho yake.

Lakini Rula alikuwa mjamzito, na daktari alimwambia wazi alale mpaka ajifungue. Asipande ngazi, asishuke ngazi. Nasi tunakaa ghorofa ya juu kabisa. Mume wake ni dereva wa lori la masafa, anakuja na kuondoka, basi mlinzi nikawa mimi. Nilihamishia kiti changu mlangoni pa chumba chake. Mimba ya kwanza ilitoka. Siku ile nilimshika mkono hospitalini, akalia bila kutoa sauti, na mimi sikutaka kuiona siku kama ile tena.

"Mama, umekuwa askari jela," alikuwa akiniambia.

"Na wewe ni mfungwa wangu. Lala."

Hivyo ndivyo kazi ya simu ilivyoanza. Rula anaelekeza, Plasta anabonyeza. Tulidhani tumepata dawa.

Kisha akaja Kinyozi.

Kinyozi alikuwa kijana mpole mwenye mikono mizuri. Alikuwa amekatwa mguu wa kulia baada ya ajali, na tangu hapo alitembelea magongo. Plasta alimuuliza kwa nini ana haraka. Kijana akamjibu, "Kaka, nikishika gongo, mkasi nitaushika na nini?" Mwenye saluni alikuwa amemwekea kiti chake, lakini si milele. Mwisho wa mwezi kiti kingepewa mwingine.

Rula alimchorea kikombe kwa simu, kupitia vidole vya Plasta. Vidole vile vikateleza mahali fulani. Kikombe kikatoka kipana. Kinyozi alitembea nacho siku chache tu, akarudi na kidonda.

Plasta alipotupigia, hakuwa na utani. "Nimemuumiza mtu, shemeji," alisema.

"Tumemuumiza," alisema Rula. "Kidonda kikikauka, mchukue umbo upya. Lakini mchoro wa pili lazima niuguse kwa mkono wangu mwenyewe."

"Utaugusaje na wewe uko kitandani?"

"Hilo ndilo ninalofikiria."

Mimi nilimwona anavyofikiria. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

Plasta naye alijua shemeji yake ni mbishi. Akaamua kumwokoa kabla hajashuka ngazi. Aliangalia video kwenye simu, video ile inasema kazi ni rahisi, huhitaji fundi. Akaweka kwenye kompyuta ya karakana programu ya kuonyesha skrini kwa mtu aliye mbali. Halafu akaingia kwenye ruta, kile kisanduku kinacholeta intaneti, akafungua njia ili programu ile ipatikane kutoka popote. Programu ikamwomba neno la siri. Plasta akaangaza macho huku na huku, akaona ukutani maandishi makubwa mekundu ambayo baba yake aliyapaka kwa mkono: SIMAMA TENA. Ndiyo kauli yetu. Iko ukutani, iko kwenye kofia, iko kwenye kalenda tunazogawa. Akaiandika hiyo hiyo.

"Hatutaisahau kamwe," alisema kwa furaha.

Na kweli, siku hiyo tulishangilia. Rula alifungua kompyuta yake ndogo ya kukunja, akaiweka mapajani, na skrini ya karakana ikatokea mbele yake. Mshale ukatii mkono wake. Alifuta machozi kwa kona ya shuka. Mimi nilimletea uji, nikakaa pembeni kutazama kidole chake cha zamani, yaani Plasta, kikifukuzwa kazi.

Furaha yetu haikumaliza wiki.

Ilikuwa asubuhi yenye jua. Rula alikuwa anapanga michoro ya zamani. Ghafla mshale ukatoka mikononi mwake, ukaenda juu kabisa ya skrini, ukaanza kufungua faili.

"Mwone huyu," akaniambia. "Anataka kunitania."

Akampigia simu Plasta, akaiweka kwenye spika. "Shemeji, acha utoto. Niachie mshale."

"Mshale gani?"

"Unaouchezea hapo."

"Sijaugusa. Wewe ndiye unayecheza. Nilipita hapo muda si mrefu nikaona unafungua faili za wateja, nikasema leo shemeji ana umbea."

"Mimi? Mimi nilidhani ni wewe. Toa mkono kwenye kipanya."

"Shemeji, mikono yangu imejaa plasta mpaka kwenye kiwiko. Nachukua umbo la Kinyozi. Hata simu amenishikia yeye."

Tukasikia sauti ya Kinyozi, mbali kidogo, ya upole. "Ni kweli, dada. Mimi ndiye nimeishika."

Rula akaitazama skrini. Mshale ulikuwa bado unatembea. Ulifungua faili, ukafunga, ukahamia nyingine. Haukuwa na haraka.

"Mama," alisema Rula kwa sauti ndogo, "kuna mtu mle ndani."

Nilifanya jambo moja tu ambalo lilinijia. Nilifungua mlango wa nyumba, nikamwita jirani wetu wa mlango wa pili. Jirani huyo ni fundi wa mitandao. Mtaa mzima unamwita Bi Nyaya, maana begi lake halikosi nyaya, na kila ofisi ndogo ya maeneo yetu ameshalala chini ya meza yake. Ana ulimi mkali, lakini ana moyo. Alikuja na kikombe cha kahawa mkononi, akaitazama skrini, akaweka kikombe chini.

"Nani yuko karakana?" aliuliza.

"Plasta," nikasema.

Akainama kwenye simu. "Wewe, nisikilize. Nenda kwenye ruta. Chomoa waya wa intaneti. Sasa hivi."

"Mikono yangu ina plasta."

"Chomoa na plasta yako."

Tulisikia kiti kikianguka. Tukasikia miguu ikikimbia. Mara skrini ya Rula ikaganda, ikawa nyeusi. Plasta akarudi kwenye simu anahema. "Nimechomoa."

"Vizuri. Usizime kompyuta, usibonyeze chochote. Mmalizie mteja wako kwanza. Nakuja."

Bi Nyaya hakuwa amefika hata kwenye ngazi, nikageuka, nikamkuta Rula ameketi ukingoni mwa kitanda. Kiatu kimoja kilikuwa mguuni.

"Unakwenda wapi?"

"Karakana."

"Rula."

"Mama, michoro ya watu wote iko mle. Kinyozi anangoja. Nikikaa hapa nitapasuka."

Nilisimama mlangoni, mikono nimeiweka kiunoni. Magoti yangu hayana nguvu siku hizi, lakini siku ile yalikuwa nayo. "Ukitaka kupita, utapita juu yangu," nikamwambia. "Mguu wa mtu unaweza kuchongwa upya. Huyo aliye tumboni nani atamchonga?"

Alinitazama kwa hasira. Kisha uso ukalegea, akalia, na safari hii alilia kwa sauti. Bi Nyaya alikuwa amerudi na kusimama nyuma yangu, begi begani.

"Dada," alisema, "nipe siku chache. Nitakurudishia ofisi yako hapo hapo ulipo, na safari hii itakuwa na mlango. Ila na wewe niahidi kitu. Usishuke hiyo ngazi."

Rula akavua kiatu. Nilikichukua, nikakificha pamoja na mwenzake jikoni, nyuma ya gunia la mkaa.

Jioni, Bi Nyaya alirudi pamoja na Plasta. Plasta alikuwa ameinamisha kichwa. Walikaa chumbani kwa Rula, mimi kwenye kiti changu cha uaskari.

"Habari mbaya kwanza," alisema Bi Nyaya. "Mtu yule alisoma kumbukumbu za wateja. Majina, namba za simu, vipimo. Na michoro mingine ameifunga, haifunguki."

Rula akauma mdomo. "Kabla sijalala kitandani nilinakili kila kitu kwenye diski. Iko kabatini kwangu, droo ya chini. Haijachomekwa popote."

Plasta akainua kichwa. "Ile niliyokuwa nakucheka nayo? Nikasema unawekea kompyuta akiba ya njaa?"

"Ndiyo hiyo."

"Sitakucheka tena."

"Utacheka tu," alisema Bi Nyaya. "Lakini diski hiyo ndiyo imewaokoa. Ingekuwa imechomekwa kwenye kompyuta, mwizi angeifunga nayo. Sasa niambieni, njia hii aliifungua nani?"

Plasta akanyoosha mkono kama mwanafunzi. Alieleza kila kitu, video, ruta, mpaka kauli ya ukutani. Bi Nyaya alimsikiliza bila kumkatiza. Halafu akaniuliza mimi, "Mama, ufunguo wa karakana mnauweka wapi?"

"Kwenye msumari, nyuma ya dirisha la choo," nikajibu. "Kila mtu wa familia anajua. Anayefika wa kwanza anafungua."

"Ndiyo tabia yenu. Ufunguo mmoja, wa wote, mahali pamoja. Kwa dirisha la choo, anayeweza kuuchukua ni mtu aliye mtaani kwenu tu. Kwenye intaneti hakuna mtaa. Plasta alitoboa mlango unaotazama dunia nzima. Kuna watu wanatuma programu zao kutwa nzima, zinagonga kila mlango na kujaribu maneno ya siri. Hawawajui ninyi. Wanagonga tu. Na mlango wenu ulikuwa na neno ambalo limeandikwa kwenye kofia."

"Kofia yenyewe nimeivaa," alisema Plasta, akaivua.

Hata Rula alicheka. Nilifurahi kumsikia.

"Basi tuachane na mambo ya mbali?" nikauliza. "Afanye kazi akishajifungua?"

"Hapana, mama. Kosa halikuwa kufanya kazi kwa mbali. Ofisi nyingi zinafanya. Kosa ni namna mlango ulivyowekwa."

Siku zilizofuata Bi Nyaya aliifanya kazi ile kama mtu anayejenga nyumba. Kwanza aliziba njia aliyoifungua Plasta. Ile kompyuta iliyoingiliwa aliifuta yote na kuiwekea programu upya, kwa sababu, alisema, mtu akishalala ndani ya nyumba yako huwezi kujua ameacha nini chini ya kitanda. Michoro ikarudishwa kutoka kwenye diski ya Rula, baada ya kukaguliwa. Ruta ya zamani, ambayo ilikuwa bado na neno la siri la kiwandani, aliitoa, akaweka mpya.

Siku ya kumfundisha Rula nilivuta kiti changu karibu. Nilitaka kuelewa.

"Ndani ya ruta hii nimeweka kitu kinaitwa VPN," alisema Bi Nyaya. "Ifikirie hivi. Kati ya hapa na karakana kuna barabara ya wazi, kila mtu anapita. VPN inachimba njia ya chini kwa chini, kutoka kwenye kompyuta yako mpaka kwenye ruta ya karakana. Unachokituma kinapita humo kikiwa kimefungwa kwa siri. Anayetazama barabarani haoni kitu cha kusoma."

"Na mwizi akija kugonga?" nikauliza.

"Asiye na ufunguo hajibiwi, mama. Hata 'nani wewe?' haambiwi. Anaona ukuta."

"Huo ndio mlango ninaoutaka," nikasema.

"Ufunguo wa Rula uko ndani ya kompyuta hii ndogo, na ni wake peke yake. Plasta ana wake. Hakuna wa kuazimana. Kompyuta hii ikipotea, mnanipigia, naufuta ufunguo mmoja tu, wengine wanaendelea na kazi. Na ukishapita njia ile, bado hujafika. Kompyuta ya karakana inakuuliza neno lako la siri, halafu inakuuliza namba inayotokea kwenye simu yako. Mwizi akilijua neno, hana simu. Akiiba simu, hana neno."

"Neno la siri liwe refu kiasi gani?" aliuliza Rula. Nilijua angeuliza vipimo.

"Refu. Chukua maneno kadhaa yasiyohusiana kabisa, uyaunge. Usiweke jina la mtu, wala tarehe ya kuzaliwa, wala kauli ya marehemu baba mkwe. Na lisitumike mahali pengine popote."

Rula aligeukia ukuta, akaandika. Plasta alinyoosha shingo. Bi Nyaya akamgeuza uso kwa mkono.

"Jambo lingine. Rula, wewe utaona kompyuta ya michoro tu. Ile ya hesabu za karakana hutaifikia kutoka hapa, kwa sababu huihitaji. Plasta, nimekutengenezea jina lako la kuingilia. Utafanya kazi zako zote, lakini huwezi tena kuweka programu mpya wala kubadili ruta."

"Nimefungwa pingu," alisema Plasta.

"Umefungwa mkanda wa gari. Na programu zikiomba kusasishwa, zisasisheni. Msiseme kesho."

Kisha akanigeukia mimi. "Na kompyuta hii ni ya kazi peke yake. Mama, nasikia unachezea karata humu."

Nilimtazama mkwe wangu. Alikuwa anakagua dari. Basi karata zangu zikaondoka, na mpaka leo sijamalizana naye kwa uchongezi ule.

Lilibaki jambo moja, na hilo Plasta alilifanya mwenyewe. Bi Nyaya alimwambia kwamba wateja wana haki ya kujua kuwa kumbukumbu zao zilionwa, ili mtu mgeni akiwapigia na kujifanya wa karakana wasidanganyike. Plasta aliwapigia mmoja mmoja. Wapo waliofoka. Alikubali kufokewa, akawaomba radhi, akawaeleza kilichorekebishwa. Kinyozi alipoambiwa alisema, "Kaka, mimi nilikuwepo. Nilikuona unakimbilia ruta na plasta mikononi. Wewe nichongee mguu." Alama ya kiganja cheupe iko ukutani penye ruta mpaka leo. Plasta hataki ifutwe.

Siku ya kazi ilifika. Rula alinawa uso, akachana nywele, akavaa blauzi yake ya ofisini juu ya gauni la kulalia.

"Anayekuona ni nani?" nikamuuliza.

"Najiona mwenyewe, mama."

Akafungua njia. Akaandika neno lake. Akachukua simu, akasoma namba, akaiingiza. Skrini ya karakana ikatokea. Plasta alikuwa ameshakiweka kigutu cha Kinyozi, kile cha plasta, mbele ya kamera ya kupimia, na umbo lake likawa linazunguka taratibu mbele ya Rula. Aliligeuza huku na huku. Alikaza hapa, akaacha nafasi pale kwenye kovu. Alinyamaza kabisa. Niliufahamu ukimya huo, ndio aliokuwa nao karakana akiinamia kazi, na sikuwa nimeuona tangu alale kitandani.

Katikati ya kazi akampigia Plasta. "Shemeji, kuna kitu nataka kukiona kwa jina lako la kuingilia. Nipe ile namba ya kwenye simu yako."

"Namba gani?"

"Usijifanye hujui. Ile."

"Shemeji, nakupenda, nakuheshimu, umempa kaka yangu adabu iliyotushinda sisi wote. Lakini namba sikupi. Hata ungekuwa mama."

Rula akafunika simu kwa kiganja, akaniambia huku anacheka, "Amefaulu."

Na kweli alifaulu, maana siku chache baadaye alipigiwa na mwanamume mwenye sauti ya heshima. Alisema anatoka kampuni ya intaneti, kuna hitilafu, anaomba namba ile haraka kabla laini haijakatwa. Plasta alimwacha amalize. Kisha akamjibu, "Ndugu yangu, juzi nimemnyima shemeji yangu, ambaye akikasirika hata kaka anahama chumba. Wewe nitakupa kwa sababu gani?" Simu ikakatwa. Alitupigia kutusimulia, akarudia, akarudia tena, kila mara na chumvi zaidi. Bi Nyaya alimsifu, akasema afanye hivyo hivyo kwa yeyote anayeomba namba kwa simu, hata akijitaja kuwa yeye Bi Nyaya.

Kikombe kilichongwa. Kinyozi alikivaa pale karakana, wiki moja kabla ya mwisho wa mwezi. Plasta alimwambia atembee mpaka mlangoni na kurudi. Alitembea. Kisha akaomba mkasi. Plasta akampa mkasi wa kukatia ngozi, na kijana akasimama wima, magongo yameegemea ukuta, akaukatisha hewani. Plasta alitusimulia hayo kwa simu. Mimi na Rula tulishikana mikono, tukalia, tukacheka.

Rula aliendelea kuchora kutoka kitandani. Alichora kikombe cha bibi mmoja muuza vitambaa, na cha mwanafunzi aliyekuwa amekua mpaka mguu wake ukawa mfupi. Tumbo nalo lilizidi kukua, mpaka kompyuta ikakosa mahali pa kukaa, nikamtafutia kimeza. Hakushuka ngazi hata mara moja, isipokuwa siku ile tuliyombeba kwenda kujifungua. Alizaa msichana, mzima, mwenye kelele. Mwanangu mkubwa alifika na lori lake mpaka nje ya hospitali, akasababisha msongamano, na hakujali.

Tulikuwa tumesharudi nyumbani, mchana mmoja, mtoto amelala. Rula alikuwa ameketi, mimi nakunja nepi. Tukasikia mtu anapanda ngazi.

Waliofanya kazi yetu wanasikiliza miguu ya watu kama wengine wanavyosikiliza redio. Mguu wa bandia usiokaa vizuri una sauti yake. Unagonga, halafu unaburuta. Unagonga, unaburuta. Rula aliinua kidole ninyamaze. Hatua zilikuwa zinakuja, moja, nyingine, moja, nyingine, zote zina uzito mmoja. Hapakuwa na gongo. Hapakuwa na kuburuta. Zilipanda ghorofa zote bila kupumzika.

"Ni mguu wangu huo," alisema Rula.

Nilifungua mlango. Kinyozi alikuwa amesimama pale, shati limepigwa pasi, ana harufu ya losheni ya saluni. Mikononi alibeba beseni kubwa la kuogeshea mtoto, limejaa nepi na sabuni na shuka ndogo, kalishika kwa mikono yote miwili.

"Nimetoka kazini, mama," alisema. "Nimesimama tangu asubuhi. Nikasema nije nimwone fundi wangu, maana sijawahi kumwona."

Rula alimtazama miguuni kwanza, ndivyo alivyo, akapima kwa macho, kisha ndipo akamtazama usoni. Kinyozi akaweka beseni chini, akamwendea, akanyoosha mikono yake miwili mitupu.

"Nipe nimpakate," alisema.

Rula akampa mtoto. Kijana akamshika vizuri, kichwa kwenye kiganja, akazunguka naye chumba chote polepole mpaka dirishani. Mkwe wangu aliinama, akachungulia chini ya kitanda, kisha akaniuliza viatu vyake nilivificha wapi.